Kina cha Mama

Baba yangu alikuwa na jibu tayari kwa kila aliyemuuliza shairi la mapenzi liweje. Anaweka pasi ya mkaa pembeni, anainua kidole, anasema: mizani itimie, vina visiteleze, na mpenzi asifiwe bila kutajwa jina. Kisha anarudi kwenye kola aliyokuwa akiinyoosha, maana kwake swali limekwisha. Nililiamini jibu hilo mpaka nikawa msichana wa kushona sketi mwenyewe, na hata leo siwezi kusema lilikuwa la uongo. Lilikuwa na pengo tu, na katika pengo hilo nusura tumpoteze mama.

Tulikuwa tukikaa Nyamirambo, kwenye nyumba ya matofali ya udongo yenye baraza lililotazama barabara. Barazani palikuwa na cherehani mbili, ya baba na yangu. Miaka ya themanini ilikuwa imeanza. Kule Remera walikuwa wakijenga uwanja mkubwa wa mpira, na wake za mabalozi wa Kiyovu walikuwa wakituletea vitambaa vya mapazia na kulalamika kwa Kifaransa. Babu mzaa baba alitoka Tabora na bidhaa zake, akaoa hapa, akafia hapa. Alichotuachia ni dini, ufundi wa kushona na Kiswahili. Baba alikuwa akikilinda hicho cha tatu kuliko ule wa pili. Sindano ikipotea alichukua nyingine bila neno. Ukipoteza herufi alikusimamisha.

Alikuwa mtu wa mashairi. Hapakuwa na harusi ya Waislamu mtaani kwetu ambayo hakuitwa kutunga beti mbili tatu. Alitunga akiwa anakanyaga cherehani: mguu unakwenda, mdomo unahesabu, mizani minane upande huu, minane upande ule, na ubeti ukikamilika anauandika kwa chaki juu ya karatasi ya kaki aliyokatia ruwaza. Wanaume walimheshimu. Wanawake walimwambia mama kuwa ana bahati, kulala kila siku karibu na mdomo wenye asali kiasi kile. Mama alikuwa akicheka kidogo na kuendelea kuchambua mchele.

Mama alitoka Kabuga, kwenye nyumba ya wakulima waliokuwa wakiuza maharage na ndizi sokoni, akasilimu alipoolewa. Kiswahili alijifunzia Kigali. Sasa, Kinyarwanda hakitenganishi r na l; kwa mtu wa kwetu hiyo ni sauti moja yenye nguo mbili. Kwa hiyo mama alisema kurara, alisema mchere, alisema pore, na siku akijitahidi sana alisema habali. Sokoni hakuna aliyemshangaa, nusu ya mji inasema hivyo, na mimi nikiwa na wenzangu nasema hivyo mpaka leo. Nyumbani ndiko kulikuwa na mahakama. "Mchele," baba anasema bila kuinua macho kwenye kitambaa. "Mchele," mama anarudia. Kesho yake ni mchere.

Kwa miaka mingi nilidhani ule ni utani wao. Ndoa nyingine zina utani wa chumvi, nyingine wa mtu kukoroma, yetu ilikuwa na r na l.

Siku ya pili ya Idi tulipata wageni. Mmoja alikuwa jamaa ya baba wa upande wa Tabora, mfanyabiashara wa kanga, mtu mwenye tumbo la kuridhika na Kiswahili kilichonyooka. Wengine wawili walikuwa wenzake wa safari. Baba alikuwa amefurahi kupita kiasi. Alishasoma beti, wakatikisa vichwa, wakamwita malenga. Mimi nilikuwa nimeshika birika na bakuli, nawanawisha mikono. Mama akatokea mlangoni, amevaa kanga mpya, akasema kwa sauti yake ya kukaribisha watu:

"Wageni, mukuje mukure. Wari iko tayari."

Baba akaangua kicheko. "Wali, mama watoto. Wali. Wari ni wasichana waliowekwa ndani. Unataka wageni wetu wale watoto wa watu?"

Yule jamaa akajipiga paja. "Mimi sikatai kilichoandaliwa. Wako wangapi?" Akanitazama mimi, na bakuli langu.

Wakacheka mpaka mmoja akafuta machozi kwa mkono ambao nilikuwa nimeshaunawisha. Na baba akacheka nao. Hilo la baba kucheka ndilo lililoniuma. Ningekuwa na ujasiri nilionao leo, maji ya birika lile yangemwishia mgeni kichwani. Mama akarudi jikoni. Alileta sinia, akawapakulia wote, nyama nzuri akampa yule yule aliyeuliza wako wangapi. Mpaka wageni walipoondoka hakufungua mdomo tena, na baba alichukulia kuwa ni adabu.

Wazee wanasema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Watu hudhani methali hiyo ni ya yule aliyekosea neno. Siku ile aliyejikwaa ulimi hakuwa mama.

Asubuhi mama alifagia uwanja, akachemsha chai, akafunga nguo zake ndani ya kanga moja kuukuu. Ile mpya aliiacha imekunjwa kitandani. Akaniambia kwa Kinyarwanda kwamba anakwenda kwa mama yake, na kwamba nisisahau kuwatia kuku maji. Akapanda basi la Kabuga.

Wanyarwanda wana neno kwa mwanamke anayeondoka namna ile. Husema yahukanye: amerudi kwao kwa sababu ya mumewe, na hatarudi mpaka mume aende mwenyewe, akae mbele ya wazazi, aseme kosa lake kwa kinywa chake, ndipo apewe mke wake. Baba alilijua hilo vizuri. Alikuwa amezaliwa hapa hapa. Lakini alijifanya kuwa mkewe amekwenda kusalimia tu. Siku zikapita, wateja wakaanza kuuliza, jirani mmoja akaleta mboga kwa huruma, na baba akashona mkono wa shati nje ndani. Hiyo sikuwahi kuiona tangu nizaliwe.

"Nenda ukamchukue," nikamwambia.

"Nikaseme nini? Kwamba nilimsahihisha mtu neno? Huko ni kuomba radhi kwa kufundisha."

Alipochoka na ukaidi wake akafanya jambo alilolijua. Akatunga shairi. Alilitunga kutwa nzima, cherehani haina hata kitambaa, mguu unakanyaga tu. Kisha akaniita, akanifundisha ubeti wake mpaka ukanikaa kichwani, maana kwake shairi la mapenzi halitumwi kwenye karatasi kama bei ya vitambaa; linasemwa. Lilikuwa hivi:

Usiku mimi silali, moyo umetoa siri,
Chakula changu sikili, nalia hata fajiri,
Rudi, ewe wangu mwali, pambo langu la johari,
Nakungoja kila hali, ukiniacha ni shari.

"Umeona?" akasema, macho yanang'aa. "Kina cha kati ni li, cha mwisho ni ri. Viko jirani namna hii na havikugusana hata mara moja."

Nilikiri kuwa ni zuri. Nilikuwa na haraka ya kumwona mama, na pia lilikuwa zuri kweli, mtu wa haki hawezi kukataa. Nikaenda nalo Kabuga.

Nyumba ya bibi ilikuwa nyuma ya soko, kwenye mteremko wa migomba. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka uani, anapeta maharage, amepungua kidogo usoni. Bibi alikuwa karibu, anasikiliza kila kitu kama wanavyosikiliza wazee ambao watu hudhani hawasikii. Mama akanisemesha Kiswahili makusudi ili bibi asishike yote.

"Amekutuma?"

"Amenituma na shairi."

Akaweka ungo chini. Nikasimama wima kama mwanafunzi, nikalisema lote, na kila herufi nikaiweka mahali pake kama baba alivyotaka. Mama alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipomaliza akasema:

"Rudia pare kwa wari."

"Mwali, mama."

"Nimesikia."

Nikarudia. Na nilipokuwa narudia ndipo nilipolisikia mwenyewe, damu ikanipanda usoni. Baba alikuwa amelichukua neno lile lile la kicheko, maana mwali ndiye mwari, na wakiwa wengi ni wari, akaliweka katikati ya mapenzi yake, wala hakuwa na nia mbaya. Hakukumbuka. Nikajaribu kumtetea, nikasema alihitaji neno la kuishia li.

"Ndiyo hiyo," mama akasema. "Aritafuta kina, akanipata mimi." Akachukua ungo, akaupeta mara moja, akauweka tena. "Hii shairi, ukiipereka kwa mwanamuke wa Kiyovu, itamuenea. Ukiipereka kwa ure mama wa duka ya mafuta, itamuenea. Baba yako si iko fundi? Hakupima?"

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, nimesikia watu wenye elimu wakichambua mashairi redioni na kwenye mabaraza, na sijasikia uchambuzi uliouzidi huo. Hakupima. Usiku wake haukuwa na kitanda, chakula chake hakikuwa na sahani. Machozi yalikuwa yale ya kila mshairi, ya kuazima. Johari mtu huiona dukani, na mama hakuwahi kuvaa johari yoyote. Alikuwa ameshonewa nguo ya kila mwanamke, na nguo ya kila mwanamke haimkai mwanamke yeyote.

Nilimweleza baba maneno yote bila kuyatia sukari. Akakasirika. Akarudia habari ya vina viwili visivyogusana.

"Kwa sikio lake ni kina kimoja," nikasema.

"Basi sikio lake lina kasoro."

Nikasimama, nikatupa kitambaa cha mteja chini, na pini zake zote. "Basi ungeoa sikio la Tabora," nikasema.

Msichana wa siku zile hakumwambia baba yake maneno hayo akabaki na mashavu yake salama. Baba akanitazama. Nilingoja kofi, nikawa nimeshaamua kuwa sitalia. Badala yake akainama, akaanza kuokota pini moja moja na kuzirudisha kwenye kikebe chake. Alipomaliza akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na cherehani, kwamba kesho tutanunua kreti ya soda, maana pombe ya kupelekea wakwe sisi hatubebi, na tutakwenda wote.

Tulikwenda. Bibi alitupokea sebuleni, akamkalisha baba kwenye kiti cha wakwe. Mama alikaa upande wa wanawake, hakumtazama. Baba alianza kuzunguka. Alisema habari za mvua, akasema habari za bei za vitambaa, akasema kwamba maneno madogo yasivunje nyumba kubwa. Alisema kwa Kinyarwanda, na Kinyarwanda cha baba, nikubali, kilikuwa kinachechemea. Alikua akisema Kiswahili tu na baba yake, na vile vitenzi vya kwetu vinavyobadilika mkia vilikuwa vikimponyoka.

Bibi alimwacha amalize. Kisha akamuuliza, taratibu kabisa, kama anakumbuka siku ya kwanza alipokuja pale kama mkwe.

Baba akasema anakumbuka.

Na mimi nilikuwa naijua hadithi hiyo kwa mama. Siku ile walimpa pole kwa kufiwa na baba yake, naye akataka kujibu kwamba alilia sana. Kulia kwa Kinyarwanda, na kula kwa Kinyarwanda, hutofautiana kidogo tu kwenye mkia wa neno. Narariye cyane, akasema, badala ya nararize. Mbele ya mama mkwe, ambaye kwa desturi hata kutaja chakula mbele yake ni aibu, alisema: baba yangu alipokufa nilikula sana.

"Nyumba ilijaa watu," bibi akasema, kwa Kinyarwanda chake cha polepole ambacho hapa nakiweka kwa Kiswahili. "Ulimsikia nani akicheka?"

Baba akatazama mikono yake.

"Umekuja hapa miaka yote hii. Kila unapokuja unavunja neno. Nyumba hii, mkwe wangu, ulimsikia nani akikucheka?"

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Baba hakutafuta jibu. Alisema hapana, hajamsikia mtu. Akaomba ruhusa ya kwenda na kurudi tena, kwa sababu alikuja na maneno yasiyofaa. Bibi akasema njia haijafungwa. Mama alikuwa ametazama mlangoni wakati wote, lakini tulipoaga alinishika mkono na kuniuliza kama kuku wanakunywa maji.

Tulishuka Remera kungoja gari la kutupeleka mjini, na hapo kituoni baba akaniambia jambo ambalo nadhani hata mama hakuwahi kuambiwa. Akiwa mtoto, babu alimpeleka Tabora kwa ndugu zake. Akafika huko na ulimi wa Kigali, wa watoto aliocheza nao mtaani, anasema kurara, anasema kura. Watoto wa shangazi yake wakampa jina, Bwana Rara, wakawa wanamwimbia uani. Alikuwa akienda nyuma ya nyumba kufanya mazoezi peke yake mpaka ulimi ukanyooka. "Nilikuwa namkinga mama yako," akasema. "Nilidhani mtu akizoezwa nyumbani, nje hatachekwa." Akaongeza: "Kisha waliponiita malenga, nikamcheka mimi."

Nilimhurumia, na nilikuwa bado na hasira, na vitu hivyo viwili vilikaa pamoja ndani yangu bila kusukumana.

Nimefikiri sana tangu hapo kwa nini shairi moja la mapenzi linaishi na jingine linakufa na harusi yake. Mizani ina kazi yake, sibishi. Shairi lisilo na mizani ni suruali isiyo na mshono, utaivaa ikuache njiani. Lakini ukisikiliza yale ambayo watu hawachoki kuyarudia, utamkuta mtu mmoja ndani yake, yule na si mwingine, na namna yake ya kukasirika. Na utakuta kwamba aliyetunga ameacha kitu chake cha thamani mlangoni kabla ya kuingia. Anayeingia kwa mpenzi na mapambo yake yote amekuja kujionyesha. Haya nayasema sasa kwa raha. Wakati ule niliyaona tu yakitokea, barazani kwetu, na sikuyajua jina.

Maana baba alianza kuniuliza maswali ya ajabu. Anakanyaga, anasimama, anasema, "Mama yako akitaka kusema mbali, anasemaje?"

"Mbari."

"Na mkali?"

"Mkari."

Anajaribu mwenyewe, kwa sauti ya chini, kama mtu anayejaribu kiatu cha mwenzake. Mwanzoni ulimi wake ulikataa. Miaka aliyoutandika haikuwa michache. Siku nyingine ananiomba niseme sentensi nzima kama anavyoisema mama, mimi naisema, yeye anafumba macho. Nilitegemea kuona mtu anayekunywa dawa chungu. Badala yake, siku moja nilimsikia anacheka peke yake, kicheko cha mtoto aliyegundua mlango.

"Njoo usikie," akasema. "Mbali na safari. Wali na sukari. Maisha yangu yote nimeyaweka vyumba tofauti, kumbe ni ndugu. Mama yako ana vina mara mbili ya vyangu."

Sijui kama nimewahi kumpenda baba kuliko dakika ile. Alikuwa na chaki sikioni na shati la mtu lisilo na mikono magotini, na alikuwa amefurahi kwa sababu mke wake ana kitu ambacho yeye hana.

Tulirudi Kabuga siku ya Jumapili, bibi alipokwisha kutoka kanisani. Safari hii hatukuwa na soda. Baba alikaa kwenye kiti kile kile. Alisema kosa lake kwa Kinyarwanda, kwa maneno machache, na akavunja kitenzi kimoja njiani, akaendelea tu. Nilimcheka mke wangu mbele ya watu, alisema, na aliyestahili kuchekwa ni mimi. Bibi akaitikia kwa kichwa. Kisha baba akaomba aseme jambo kwa Kiswahili.

Mama alikuwa ameketi pale pale pa siku ile. Kwa mara ya kwanza akamtazama. Na baba, malenga wa Nyamirambo, akafungua mdomo mbele ya wakwe zake, akasema kwa ulimi wa mtu wa Kabuga:

Kabuga kumbe ni mbari, sikuijua safari,
Nimekosa sukari, na nimeunguza wari,
Urimi wangu mkari, haukuona hatari,
Rudi useme tayari, nami nije nire wari.

Bibi hakujua Kiswahili cha kutosha kuelewa yote, lakini alisikia kengele ile moja inavyogonga kila mwisho wa pumzi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kwake vina vilikuwa kamili. Waliojua thamani ya zile r ni watu watatu tu chumbani. Mimi nilikuwa nimeuma mdomo. Kule Tabora shairi lile lingempa jina jipya, na alikuwa amelileta hivyo hivyo, kwa moyo mweupe, akalisema polepole ili lisikike.

Vidole vya mama vilikuwa vinajongea juu ya kanga, kimoja baada ya kingine, na nilidhani ni wasiwasi.

"Mustari ya pili haijatimia," akasema.

Baba akashtuka. "Upi?"

"Nimekosa sukari. Iko saba."

Baba akahesabu gotini kwake. Akahesabu tena, midomo inakwenda. Mtu huyu hajawahi kupungukiwa na mizani mbele ya watu, na siku hiyo, kwa hofu au kwa haraka, alipungukiwa. Na mama, ambaye miaka yote ile tulimdhani yuko jikoni na mchere wake, alikuwa akiisikia cherehani ng'ambo ya ukuta, nane upande huu, nane upande ule, mpaka ikamkaa mwilini.

"Saba kweli," baba akasema.

"Sema nimeikosa."

"Nimeikosa sukari," baba akarudia, mbele ya mkwe wake, kama mwanafunzi. Akahesabu. "Imetimia. Ahsante."

Bibi akauliza kuna nini. Nikamweleza kwamba mama amemsahihisha baba. Bibi akafunika mdomo kwa kiganja, mabega yakawa yanatikisika, kisha akashindwa, akacheka wazi wazi, nikacheka na mimi, na baba naye akacheka akiwa ameinamisha kichwa, masikio yamemwiva. Yeye ndiye aliyekuwa akichekwa, na hakuna aliyekuwa na sumu. Mama peke yake hakucheka. Alikuwa bado anamtazama, amekunja uso, kama mtu mwenye swali zito ambalo lisipojibiwa hakuna mazungumzo.

"Iyo wari," akasema. "Uriunguza na sufuria gani?"

Baba akasita. "Ile kubwa."

"Ya pirau?"

"Ndiyo. Ya pilau." Akajisikia, akameza mate. "Ya pirau."

Mama akashusha pumzi ndefu, akaegemea mkono, akainuka, akaingia ndani kufunga nguo zake.